Naomba ushauri: woga wa boda baada ya ajali
Wadau habari zenu, kakangu aligongwa akiwa kwa boda hapa Kondele, mpaka leo pikipiki ikipiga resi nyuma yake anashika ukuta, jasho linamtoka. Nimesoma ati ukikumbuka jambo, kumbukumbu yake inalegea kidogo kabla ijifunge tena, na 2009 mtafiti Merel Kindt na wenzake kule Amsterdam walipea watu propranolol, ile dawa ya presha, ndio wakawakumbusha kitu walichofundishwa kuogopa, kesho yake kumbukumbu iko lakini kule kushtuka kumeisha. Shida kakangu ana pumu na hiyo dawa inaweza kumbana kifua, kwa hivyo hapana. Kuna ile njia ya 2010 bila dawa, unakumbushwa kwanza, unangoja dakika 10 hivi, ndio unazoeshwa polepole kile unaogopa. Kuna mwenye amefanyiwa hii Kisumu ama ni mpaka Nairobi?