Kichocho mwaloni: kila mzazi achunge mwanawe, au tuanze na choo?

Mama_wa_Wawili: Jana mwanangu kapimwa urefu shuleni, kapewa vidonge vya kichocho, karudi akilalamikia ladha yake chungu. Leo jioni namkuta ziwani anaoga. Dawa ya kila mwaka itatufikisha wapi kama hapo mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, hakuna choo cha kutumia? Tuchangishane?

Ngosha_Nyakato: Chunga mwanao, dada. Mimi maji ya ziwa nayalaza kwenye pipa siku 2, vijidudu vife, ndipo naoga. Wavuvi wachafu ndio wanaojisaidia majini, leo tuwachangie choo?

Taa_ya_Dagaa: Mkuu, dagaa unakula? Naingia ziwani jua likizama, natoka alfajiri. Niambie nijisaidie wapi huko kilindini. Nikirudi, choo cha mwaloni kina kufuli, na mwenye ufunguo kalala!

Ngosha_Nyakato: Nilimaanisha baadhi.

Taa_ya_Dagaa: Hukuandika baadhi. Baba yangu alikuwa mvuvi. Futa.

Magu_Kwetu: Mbona ziwani sijaona mtu anakojoa damu? Kichocho si ndiyo dalili yake?

Nesi_Mstaafu: Mwanangu, hicho cha kukojoa damu ni cha huko mbali na ziwa, kwenye mabwawa na majaruba ya mpunga. Cha ziwani ni cha tumbo. Mayai hutoka na kinyesi, yakifika majini yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwa konokono, vikitoka humo vinapenya ngozi yako umesimama tu unafua. Hivyo vidonge, praziquantel, vinaua minyoo iliyokomaa, havizuii ya kesho. Nimemshikia beseni baba wa watoto watano akitapika damu, tumbo limejaa maji, miguu kama fito. Sijamsahau.

Magu_Kwetu: Shikamoo mama. Basi kwa nini dawa ni za wanafunzi tu? Shirika la Afya Duniani lilishashauri 2022 kwamba penye maambukizi mengi wapewe wote kuanzia miaka 2.

Taa_ya_Dagaa: Mimi sijawahi kupewa hata kimoja. Na Ngosha bado hajafuta.

Ngosha_Nyakato: Nimefuta "wachafu". Nisamehe, ndugu. Lakini hilo kufuli ni la nani?

Taa_ya_Dagaa: La kamati ya mwalo wetu. Shilingi 200 kuingia, usiku hakuna mtu. Kila mtumbwi utoe ndoo moja ya dagaa kwa mwezi, mlinzi wa usiku alipwe. Nitaanza mimi.

Mama_wa_Wawili: Mimi sivui, ila kila Jumamosi nafua hapo hapo. Nitoe nini?