Probox yachemsha: hedi gasketi au injini ya mtumba?

mwana_muyeye
Assalaam aleykum wana jukwaa. Probox yangu yachemsha. Fundi wa kwanza asema ni hedi gasketi (ile kati ya hedi, sehemu ya juu ya injini, na bloki ya chini), atoe hedi na kufunga upya, shilingi 28,000 pamoja na spea. Wa pili asema nisitupe pesa, nitie injini ya mtumba kutoka Japani, 85,000 na kazi ya kufunga. Gari ndiyo ya kazi, nataka niamue kabla ya Ijumaa. Kipi bora?

fundi_barani
Waaleykum salaam. Bwana, hapo hujatueleza kitu. Injini gani, 1NZ au 2NZ? Ya mwaka gani, imetembea kilomita ngapi? Yachemsha ikiwa imesimama au ikiwa mbioni? Maji yapungua? Watia maji gani? Oili ni safi au imekuwa rangi ya chai ya maziwa? Thamostati, ile valvu ya maji inayofunguka kwa joto, imo? Jibu hayo, pesa tutazizungumza baadaye.

garsen_express
Tia injini, usisumbuke. Ikishachemsha hedi lapinda, ulisage leo, miezi mitatu warudi pale pale.

bi_kasuarina
@garsen_express mwenyewe hata hajataja ni injini gani, nawe ushamwuzia nyingine.

mwana_muyeye
Samahani. Modeli ni NCP51, injini 1NZ, ya 2009, gia otomatiki, kilomita 268,000. Napakia mizigo Malindi hadi Gongoni, mara nyingine Garsen. Mjini haichemshi hata nikikwama sokoni. Ikishavuka daraja la Sabaki nikashika 90 na AC, joto lapanda. Maji yapungua kama lita moja kwa siku na chini hapavuji. Asubuhi ikiwaka hutetemeka dakika moja hivi na moshi mweupe, kisha yatulia. Oili safi. Maji ni ya kisima cha nyumbani. Thamostati ilitolewa zamani.

fundi_barani
Sasa umesema. Una matatizo mawili, na kila fundi amekutajia yale yanayomlipa.

Gari inayochemsha ikisimama na kupoa ikienda, angalia feni: rilei, mota, swichi ya joto. Yako ni kinyume. Kwa mwendo wa 90 hewa yapita tele, kwa hivyo feni haina kesi. Ama maji hayazunguki vya kutosha, ama yazunguka na hayapozwi. Hapo ni rejeta (kipozea maji) iliyoziba ndani, mapezi yake yaliyooza nje, pampu ya maji iliyoliwa mabapa, au hilo la thamostati. Hicho ndicho chanzo.

Kutetemeka asubuhi na moshi mweupe ni athari. Ukizima gari la moto, mfumo wa maji hubaki na presha kwa muda mrefu, na presha hiyo hupenyeza maji kidogo kidogo kwenye silinda kupitia gasketi iliyokufa. Asubuhi plagi ya silinda hiyo imelowa, injini yapiga misi (silinda moja haiwaki) hadi yakauke. Oili safi haikanushi. Maji yakipenya silindani hutokea eksosi, si lazima yafike kwenye oili.

Ukitia injini nyingine juu ya rejeta ile ile, utakuja hapa tena kuuliza bei ya injini ya tatu.

garsen_express
Fundi, thamostati huku pwani ni ya nini? Hiyo imetengenezewa nchi za baridi. Gari zote za huku zimetolewa na zatembea.

bi_kasuarina
Hili nalo halifi. Thamostati ya 1NZ hufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Joto la Malindi ni 30 na kidogo. Kwa injini, Malindi na Ulaya zote ni baridi.

Tena sikiliza vizuri, maana hapa watu wengi huteleza. Thamostati ya injini hii iko upande wa maji yanayoingia kwenye pampu, na ina sahani mbili. Ya mbele hufungua njia ya rejeta. Ya nyuma, wakati huo huo, huziba njia ya mkato ambayo maji ya moto hupitia kurudi kwenye injini bila kufika rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato hubaki wazi siku zote. Sehemu ya maji huzunguka humo humo ndani ya injini yakizidi kuchemka, na kasi ya pampu ikipanda, ndivyo yanavyozidi kupita mkato. Huku mjini, asubuhi, injini haifiki joto lake, kompyuta yadhani bado ni baridi, yamwaga petroli zaidi. Mafuta yaisha na plagi zajaa masizi. Hasara mbili kwa kuokoa kispea kidogo.

garsen_express
Nadharia nzuri. Mimi bado zangu hazina.

fundi_barani
@mwana_muyeye kabla ya kulipa mtu yeyote, fanya vipimo hivi gari ikiwa baridi kabisa, imelala usiku kucha.

Fungua kofia ya rejeta. Ukisikia "fss" ilhali injini haijawashwa tangu jana, hiyo ni gesi ya silinda iliyoingia kwenye maji. Jaza hadi mdomoni, mwambie mtu awashe. Mapovu ya mwanzo ni hewa iliyonaswa, yasikutishe. Yakiendelea bila kukoma, na yakiongezeka ukikanyaga petroli, gasketi imekwenda. Mwenye dawa ya buluu ya kupima gesi aiweke hapo mdomoni: ikigeuka njano, ushahidi umekamilika.

Kisha toa plagi zote nne, uzipange kwa namba zake. Silinda inayokunywa maji plagi yake hutoka nyeupe, imeoshwa, utadhani umeinunua jana, na wenzake wana rangi ya kahawia.

Pima kompresheni (presha ya kila silinda) plagi zote zikiwa nje, throto (mlango wa hewa) wazi, betri yenye nguvu. 1NZ nzima hutoa karibu psi 210. Ikishuka chini ya 150 ni mgonjwa, na tofauti ya silinda kwa silinda isizidi 15 hivi. Iliyo chini itilie kijiko cha oili upime tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimechoka, na hapo hoja ya injini ya mtumba yaanza kuwa na maana. Isipopanda, ni gasketi au valvu, na hedi latosha.

Mwisho, rejeta. Pitisha kidole kwenye mapezi upande wa chini. Gari zinazoshinda njia ya Gongoni kwenye viwanda vya chumvi, mapezi huwa unga wa kijani na nyeupe, yamwagika mkononi. Rejeta namna hiyo haifui dafu, hata ndani iwe safi.

kijana_gede
Uza uongezee ununue Noah. Probox ya 268,000 ya nini.

bi_kasuarina
Noah imeingia vipi hapa?

mzee_mambrui
Wanangu, kuhusu injini ya mtumba, mimi siikatai, lakini msiinunue kwa kusikiliza sauti. Iko kesi ya Toyota Succeed moja hapa kwetu, injini ile ile ya 1NZ, mwenyewe alishauriwa kama ulivyoshauriwa wewe. Injini ikaletwa imefungwa nailoni, safi inang'aa, ikawashwa sakafuni kwa betri na chupa ya petroli, ikalia vizuri. Akalipa. Wakaifunga.

Kwanza, haikuwaka. Iliyotoka ilikuwa na throto ya kuvutwa na waya, iliyoingia ina throto ya umeme. Plagi za nyaya hazioani na kompyuta ya gari haiitambui. Ikabidi manifoldi ya kuingizia hewa, throto na sensa zake zitolewe kwenye injini kuukuu zihamishiwe mpya. Yafanyika, ni kazi ya siku moja zaidi, lakini fundi aliyejua angeyaona kabla ya kununua.

Pili, muuzaji alishaiosha nje na kuitia oili nzito. Kilomita chache mbele moshi wa buluu ukaanza. Oili lita nzima ilikwisha kabla ya mwezi kuisha. Kifuniko cha valvu kilipofunguliwa, ndani mlikuwa na lami nyeusi, ringi za oili zimeganda kwenye mifereji ya pistoni. Kompresheni ilikuwa nzuri! Ringi za juu ndizo zinazoshika kompresheni, ya oili ikiganda kipimo hakikwambii. Dhamana ilikuwa ya mdomo.

Tatu, rejeta haikuguswa. Ikachemsha tena.

Kwa hivyo ukinunua: toa kifuniko cha kutilia oili utazame ndani kwa tochi, penye lami ondoka. Toa plagi, tazama kama zina mafuta. Omba kufungua sampu (bakuli la oili chini ya injini), muuzaji mkweli hatakukataza. Hakikisha throto ni ya aina ya gari lako. Karatasi za injini zichukuliwe palepale, maana namba ya injini iko kwenye logibuku na lazima uibadilishe NTSA (mamlaka ya usafiri) kupitia eCitizen. Siku ya kuuza gari au ya ajali, namba zisipolingana utahangaika.

garsen_express
Mzee wangu, hiyo ni bahati mbaya ya mtu mmoja. Hedi nalo likifungwa vibaya si ni yale yale?

fundi_barani
Hapo sikupingi. Hedi la 1NZ huharibiwa zaidi na mfungaji kuliko na joto. @mwana_muyeye ukichagua hedi, simama pale uangalie haya.

Hedi lisitolewe likiwa la moto. Bolti kumi zilegezwe kuanzia nje kuja katikati, kidogo kidogo. Uso usafishwe bila kutumia diski ya kusaga, inachimba aluminiamu. Rula ya chuma iliyonyooka na fila geji (vibapa vya kupimia mwanya): mpindo ukizidi milimita 0.05, lipelekwe mashineni. Bloki nayo ipimwe vivyo hivyo. Wengi hupima hedi tu, wakalisaga, wakalifunga juu ya bloki iliyopinda. Hedi lipimwe nyufa kwa presha ndani ya maji ya moto, hasa katikati ya viti vya valvu. Lisisagwe kupita kiasi, maana kifuniko cha taiming cheni hushika hedi na bloki kwa pamoja. Hedi likishuka sana, pale kona utavuja oili.

Matundu ya bolti kwenye bloki yapulizwe yakauke. Tundu likibaki na maji au oili, bolti ikikazwa husukuma kimiminika na bloki yapasuka. Bolti ziwe mpya, hizi hukazwa hadi kuvutika. Nyuzi zipakwe oili kidogo, anza katikati kwenda nje: Nm 29 kwa spana ya torki (ile inayopima nguvu ya kukaza), kisha robo mzunguko, kisha robo tena. Weka alama ya rangi kwenye kila kichwa cha bolti ndipo utajua ipi imezungushwa. Fundi asiye na spana ya torki akikwambia "mkono wangu wajua", mpe mkono wa kwaheri.

Mwanya wa valvu upimwe injini baridi: za kuingiza milimita 0.15 hadi 0.25, za kutoa 0.25 hadi 0.35. Oili mpya lita 3.7 na filta, kisha imwagwe tena baada ya kilomita 500.

Na kwa 28,000 ulizotajiwa, uliza kama mna bolti mpya, kusagwa, thamostati na rejeta. Nina shaka.

bi_kasuarina
Rejeta ya gari otomatiki ina kipozeo cha oili ya gia ndani ya tangi la chini. Wakiitoa, chomoa dipstiki ya gia (kijiti cha kupimia oili). Oili ikiwa ya pinki yenye povu, maji yamevukia huko, na hapo hesabu zote hizi zabadilika. Maadamu gari lako lapoteza maji bila kuvuja, hicho nacho ni mshukiwa.

Na wacha maji ya kisima. Mwamba wa huku ni matumbawe, maji yake yana chokaa na chumvi. Chokaa huganda kwenye mirija, chumvi hula aluminiamu. Kuyachemsha hakusaidii, chumvi haivuki. Nunua kulanti (dawa ya rejeta) iliyokwisha changanywa, au maji ya betri yaliyosafishwa, yasiwe ya asidi.

kijana_gede
Maji ya mvua je? Ni bure.

bi_kasuarina
Ya mabati, baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi na chumvi ya bahari, angalau. Ya makuti hapana, yatoka rangi ya chai.

mzee_mambrui
Yale yanayodondoka kwenye AC ni masafi kuliko yote hayo. Kinga ndoo.

garsen_express
Na kutu? Maji matupu bila dawa yala pampu.

mzee_mambrui
Nimesema uyatumie kuchanganyia kulanti nzito, sikusema matupu.

mwana_muyeye
Nimerudi na vipimo. Kompresheni: 195, 190, 140, 190. Ya tatu kwa kijiko cha oili ilikuja 145. Plagi ya tatu ni nyeupe kabisa. Mapovu hayakomi. Oili ya gia ni nyekundu safi. Mapezi ya rejeta upande wa chini yamwagika kama alivyosema fundi. Aliyesema injini bado ashikilia injini, sasa amenishushia hadi 78,000.

fundi_barani
Ringi zako nzima. Kwangu ni hedi, rejeta mpya, thamostati, kofia ya rejeta. Lakini sisemi mwisho kabla bloki haijawekewa rula. Bloki ikiwa imepinda au imeliwa na kutu karibu na silinda ya tatu, basi hiyo 78,000 tutaijadili.

garsen_express
Kwa hiyo atalipa kufungua hedi, halafu labda alipe injini pia. Ndiyo maana nilisema tangu mwanzo.

bi_kasuarina
Na atalipa rejeta kwa vyovyote, hata kwa injini yako. Iweke kwenye hesabu zako pande zote mbili.

kijana_gede
Jamani, kofia ya rejeta ya presha 0.9 na ya 1.1 ni sawa? Yangu imeandikwa 1.1 na dukani wana 0.9 tu.

fundi_barani
Si sawa. Ya 0.9 hufunguka mapema, maji hukimbilia chupa ya akiba na huchemka kwenye joto la chini zaidi. Tafuta ya 1.1. Ukikosa Malindi, agiza Mombasa kwa basi la asubuhi.