Waliosoma Kitabu cha Mormoni wakiwa chuo, mtazamo wenu ulibadilikaje? Tupeane uzoefu

mtoto_wa_moshi:
Habari wakuu. Nipo chuo Salt Lake City, nyumbani Moshi, Mlutheri wa kuzaliwa. Kabla sijaja huku nilichojua kuhusu Wamormoni ni wake wengi basi, kumbe kanisa lao, la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lilitangaza kuachana na hayo tangu 1890 na siku hizi ukioa wa pili unatengwa. Rumeti wangu akanipa Kitabu cha Mormoni, maandiko yao matakatifu pamoja na Biblia, cha Kiswahili kabisa.

Nilipofika 2 Nefi 5, moja ya vitabu vilivyomo, pale Walamani, watu wa humo kitabuni, wanapewa ngozi nyeusi kwa sababu ya uasi wao, nikakiweka chini. Roho iliniuma jamani, mimi mweusi nakaa na hawa watu, nakula nao. Rumeti akaniambia soma sura ya 26 mstari wa mwisho, nikakuta Mungu anawaita wote, weusi na weupe, watumwa na walio huru, wake kwa waume, wote sawa kwake. Kitabu kilekile! Hasira ikahama kwenye kitabu ikaenda kwa viongozi, maana mstari huo upo tangu kitabu kichapishwe 1830, na Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa, akiwa hai mtu mweusi, Elijah Abel, alipewa ukuhani (mamlaka ya kuhudumu kanisani) 1836, halafu 1852 Brigham Young aliyemrithi anatangaza weusi hawapewi na ikabaki hivyo hadi Juni 1978. Mwaka 2013 kanisa lenyewe likaandika kwamba linayakataa maelezo ya zamani kuwa ngozi nyeusi ni laana. Sijabatizwa na sina mpango, ila siwezi tena kuwamaliza kwa neno moja. Wenzangu vipi?

kijana_wa_tawi:
Mimi ni memba, Nairobi, nilibatizwa nikiwa fomu tatu. Nyumbani shida ilikuwa chai tu, mathe hakuelewa ni kanisa gani linakataza chai. Kilichonitikisa nilikutana nacho kampasi, Kitabu cha Ibrahimu, andiko letu lingine, kile Joseph Smith alisema ametafsiri kutoka mafunjo ya Misri. Vipande vya hayo mafunjo vilikuwa kwa makumbusho New York, kanisa likakabidhiwa 1967, wataalamu wakavisoma, ni maandishi ya kuzikia wafu, Ibrahimu hayuko. Na kanisa lenyewe limekubali hivyo kwa maandishi. Nililia. Nilikuwa nimefunzwa kimoja kikianguka vyote vimeanguka, nikakaa bila kuenda kanisa muda mrefu. Kilichonirudisha ni Mosia 4 kwa Kitabu cha Mormoni, mfalme Benyamini akiuliza kwani sisi sote si waombaji mbele za Mungu, sasa unamnyimaje maskini? Sijapata mahubiri yanayonishika hivyo. 2025 hekalu la Nairobi lilipofunguliwa nikabatizwa kwa niaba ya guka (babu) yangu aliyefariki, vile sisi hufanyia marehemu.

ahli_tanga:
Mimi Muislamu, nilikisoma kwa ajili ya somo la dini chuoni. Sisi tumezoea kuuliza habari imepokewa kwa nani, kwa hiyo nikaenda moja kwa moja kwa mashahidi wa yale mabamba ya dhahabu ambayo Joseph Smith alisema ndiko alikotafsiri kitabu, kundi la watu 3 na kundi la watu 8 waliosema wameyaona. Nikakuta wale watatu, Cowdery, Whitmer na Harris, wote waligombana na Joseph Smith wakawa nje ya kanisa, na hakuna hata mmoja aliyekana ushahidi wake. Wallahi hiyo ilinisimamisha. Imani yangu ipo palepale, Mtume wa mwisho kwangu anajulikana, lakini kuwaita matapeli nimeacha.

mtoto_wa_moshi:
@kijana_wa_tawi hiyo ya guka imenigusa sana. Familia ilikubali kweli?

kijana_wa_tawi:
Shosho, mke wa guka, ndiye alinipa jina kamili la guka na mwaka wa kuzaliwa. Alisema tu guka alikuwa PCEA, kanisa la Presbyterian, na atabaki PCEA. Nikamwambia hata sisi tunaamini guka ako na uhuru wa kukataa huko aliko, akasema basi endelea.