Mabomu ya Mbagala na Gongo la Mboto yaliokotwa, je udongo na visima?

Mtoto wa Kizuiani
Wadau, ghala la mabomu la jeshi la Mbagala, hapa Dar, lililipuka 29 Aprili 2009, la Gongo la Mboto Februari 2011. Wanajeshi walipita mitaani wakaokota makombora na kuyalipua, tunashukuru. Lakini baruti iliyotawanyika haiokotwi kwa mkono. Kuna baruti aina mbili, TNT na RDX: TNT inang'ang'ania udongo wa juu, RDX inateremka na mvua mpaka maji ya chini, na madini ya risasi hayaozi. Hoja yangu: serikali ipime udongo na visima vilivyo jirani na kambi, ikikuta uchafu isafishe kwa gharama yake. Mnasemaje?

Kigogo Mkavu
Miaka yote hiyo mnakunywa, leo ndo umekumbuka? Halafu tuseme ukweli, kambi ilikuwepo, nyie mkavamia mkajenga hadi ukutani kwa jeshi.

Mama Swaumu
NANI KAVAMIA? Nina leseni ya makazi, mjumbe shahidi, kodi ya jengo nalipa. Siku ile nimekimbia mtoto mgongoni, kandambili mguu mmoja. Wewe ulikuwa wapi, Masaki?

Kigogo Mkavu
Leseni ya makazi si hati, mama. Na Masaki sijawahi hata kulala.

Fundi Pampu
Mimi nachimba visima huku. Mteja akija anauliza jambo moja tu: maji yana chumvi? Tunaonja, tunapatana bei, kazi imeisha. Hiyo RDX ulimi hauijui. Hata ukipeleka chupa maabara, watapima chumvi na vijidudu. Baruti mpaka uagize, na ulipie.

Mjukuu wa Pwani
Marekani kuna ghala la jeshi linaitwa Umatilla, jimbo la Oregon. Walikuwa wanaosha mabomu kwa maji ya moto, maji wanamwaga kwenye mabwawa, baruti ikafika maji ya chini. Udongo waliufukua wakauchanganya na samadi na mabaki ya viazi, vijidudu vikala TNT. Maji wakayavuta na kuyachuja kwa mkaa maalumu.

Chizi Maarifa
Kumbe tiba ni mavi ya ng'ombe! Mbagala tutoe tenda, viazi wataleta wauza chipsi 😂

Mama Swaumu
Mnacheka. Bado nasubiri mtu aniambie mvamizi ni nani.

Mzee wa Kilwa Road
Mwanangu Kigogo, hata kama walisogea, aliyewaachia wasogee ni nani? Na kombora la Gongo la Mboto liliuliza hati? Uwanja wa ndege ulifungwa, watu kwa maelfu wakalala Uwanja wa Uhuru. Wote hao wavamizi? Miaka ya 70 mzee Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani kwa makosa ya watu wa chini yake, waliosababisha vifo vya watuhumiwa huko Shinyanga. Hapa waziri wa ulinzi alikuwa mwanawe, Hussein, mara zote mbili, na hakung'oka.

Kigogo Mkavu
Shikamoo mzee. Sasa hapo umeleta siasa. Waziri ndiye aliyewasha kiberiti?

Chizi Maarifa
Mzee Mwinyi naye alienda Shinyanga kuua mtu? Hakwenda, na bado aliachia ngazi.

Mtoto wa Kizuiani
Jamani, VISIMA. Msumbiji ghala la Malhazine lililipuka 2007, likaua zaidi ya 100 Maputo. Ghala likaondolewa, eneo likasafishwa mabomu, sasa ni hifadhi ya mazingira. Sisi hata chupa moja ya maji?

Kigogo Mkavu
Basi nyie mhame, tupande miti. Si ndo mnachotaka?

Mama Swaumu
Ahaa! Kumbe hamu yako ni tuhame. Kwa fidia ipi, ile hundi niliyoimaliza kwa mabati manne? Weka bei hapa tuione.

Fundi Pampu
Kiwanja mita 20 kwa 20 jirani na ukuta siku hizi bei gani? Nauliza tu.

Kigogo Mkavu
Hapo sasa! Ukutani tena!