Majalada ya Hazina ya Tanzania ya 1979 yafunguliwe?

Mpekuzi: Wakuu, sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya 2002 inasema waraka wa serikali ukitimiza miaka 30 umma una haki ya kuusoma. Ya 1979 yalitimiza 2009. Mle ndimo alimo Edwin Mtei na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF: alimwandikia nini Mwalimu Nyerere, akajibiwa nini. Yawekwe wazi yote, hata ya masjala ya siri. Mnasemaje?

Kambale: Ya nini? Mtei alikuwa Gavana wa Benki Kuu, akataka shilingi ishushwe thamani, Mwalimu akagoma, jamaa akaachia ngazi. Kwisha. Na hizo karatasi zishaliwa na mchwa, makarani wa masjala walifungia maandazi.

Binti Karani: Kambale, baba yangu alikuwa karani wa masjala miaka 22. Kila folio, yaani karatasi ya jalada, aliipa namba kwa wino mwekundu, pembeni juu. Jalada likitoka bila kusainiwa daftarini, siku hiyo hali chakula. Maandazi alinunua kwa mshahara wake. Omba radhi.

Kambale: Sijamtaja baba yako, dada. Nimesema makarani.

Binti Karani: Makarani ni akina nani kama si baba yangu?

Mzee wa Foleni: Tulieni wanangu. Kambale, ugavana Mtei aliuacha 1974, akaenda Arusha kuwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mpaka ikavunjika 1977. Alipojiuzulu 1979 alikuwa Waziri wa Fedha. Vita ya Kagera ilikuwa imetukausha, Mwalimu katuambia tufunge mikanda miezi 18. Foleni ya sukari nilikuwa naweka jiwe saa kumi alfajiri linishikie nafasi. Angesikilizwa yule, tusingefika huko.

Mjamaa: Shikamoo mzee, lakini hapo sikubali. Tulipoelewana na IMF 1986, dola ilitoka shilingi 17 hivi ikafika 40 mwaka huohuo. Mama yangu muuguzi, mshahara uleule. Mwalimu aliuliza tangu lini IMF imekuwa Wizara ya Fedha ya dunia. Nijibu wewe.

Mzee wa Foleni: Marahaba. Hiyo 17 ilikuwa ya benki. Mtaani nani alikuuzia dola kwa bei hiyo?

Mpekuzi: Ndiyo maana nataka dokezo la Waziri kwa Rais. Tusome, tuache kubishana kwa kukumbuka.

Mjamaa: Dokezo la mwanzilishi wa chama cha upinzani, CHADEMA? Si atakuwa kajipendelea.

Mpekuzi: Dokezo la 1979 litajuaje chama cha 1992?

Binti Karani: Kambale hajaomba radhi bado.

Kambale: Dada, hizo namba za wino mwekundu. Mtu akichomoa karatasi, inajulikana?

Binti Karani: Inajulikana. Namba inaruka. Omba radhi kwanza.