Hongera ya nini, na fedha zangu mmezikalia?

Fundi Marinda ameandika:

Wakuu, salamu tutapeana siku nyingine, kwa maana ninaandika haya nikiwa bado na chaki mkononi na hasira kooni. Kuna kampuni moja ya kujengea tovuti ambayo sitaitaja, na wala hakuna haja, kwa kuwa kila mmoja wenu amekwisha kumwona yule kijana wao wa kwenye matangazo, anayekunywa kahawa ufukweni huku simu yake ikilia kila sekunde kwa wingi wa mauzo. Mnamjua. Hata mbuzi wa jirani yangu anamjua.

Leo jioni, saa kumi na mbili kasorobo, nimepata mauzo ya kwanza ya kozi yangu ya kushona sketi ya marinda. Nilipofungua ukurasa wa duka, kioo kizima cha kompyuta kikaanza kunyesha karatasi ndogondogo za rangi, nyekundu, njano na buluu, kama vile ni harusi ya mtoto wa waziri, na katikati yake yakatokea maneno makubwa ya kunipongeza kwa kuuza. Chini ya pongezi hizo, kwa maandishi ya kijivu ambayo hata sisimizi mwenye miwani angeyasoma kwa tabu, nikaarifiwa kwamba malipo hayawezi kutolewa katika nchi yangu. Karatasi zikaendelea kunyesha.

Ninarudia ili mnielewe. Mtu ameshika fedha zangu, amekataa kunipa, na wakati huohuo ananirushia maua.

Kozi ni dola 25. Wamekata asilimia 2.9 pamoja na senti 30, likabaki salio la dola 23.97 ambalo ninalitazama kama mtu anayetazama nyama buchani huku mfuko umetoboka. Nikafungua fomu ya uhakiki, wakaniambia nichague nchi. Nikateremka na orodha hadi herufi T, nikaikuta Taiwan, na baada ya Taiwan ikafuata Thailand. Nikafuta miwani kwa ncha ya shati, nikateremka tena, Taiwan, Thailand. Watu zaidi ya milioni 61 tuliohesabiwa katika sensa ya mwaka 2022 hatumo, pamoja na Mlima Kilimanjaro wetu. Na bado, siku ile waliponilipisha shilingi laki saba na nusu za kifurushi cha mwaka mzima, Tanzania ilikuwamo kwenye orodha yao, tena imeandikwa na heshima zake zote za Jamhuri ya Muungano!

Mengine nimeyasamehe. Masomo yangu ni 24 na yanachukua saa sita, ilhali kifurushi kinaruhusu dakika 30 za video, jambo ambalo nimelijua baada ya kulipa na kulazimika kuongeza fedha. Nimesamehe. Mteja wa somo la video ameulizwa anwani ya kupelekewa mzigo, na hilo nalo nimesamehe. Nimewaandikia huduma kwa wateja, mashine yao ikanijibu kwamba inafurahi sana kuwa sehemu ya safari yangu, nikasamehe hata mashine. Lakini zile karatasi, wakuu. Nimeufungua upya ukurasa ule mara saba ili nihakikishe sikuota, na mara zote saba zimenyesha.

Mwalimu wa Darajani amejibu:

Pole sana, fundi. Mimi ninawafundisha wageni Kiswahili nikiwa hapa Unguja, na duka langu liko kwa haohao. Walipolitafsiri kwa mashine, kitufe cha kununulia kikawa "Ongeza kwenye mkokoteni". Mwanafunzi wangu mmoja wa Ujerumani aliniuliza, kwa Kiswahili safi nilichomfundisha mwenyewe, kama masomo yatafika kwa punda au yatasukumwa na mtu.

Kigogo wa Kijiweni amejibu:

Mimi sikupi pole. Umenunua kifurushi cha mwaka mzima kabla hujauliza fedha zitatokea mlango gani. Ni fundi wa aina gani anayekata kitambaa kabla ya kupima? Ninaanza kuwahurumia wateja wako wote wenye viuno.

Fundi Marinda amejibu:

Ndugu Kigogo, kupima nilipima, isipokuwa tepu niliyopewa ndiyo iliyokuwa na inchi za uongo. Hata hivyo hujagusa hoja yangu. Tuseme wana sababu zao za kutoniona kwenye ramani. Kwa nini karatasi zinyeshe?

Mpishi wa Nakuru amejibu:

Sisi wa Kenya tumo kwenye orodha, na ninawasihi msituonee wivu. Niliuza kozi ya keki kwa mtu ambaye alitazama masomo yote 18, akachukua cheti, akanitumia hata picha ya keki aliyoioka akinishukuru kwa moyo wake wote, kisha mwezi uliofuata akaiambia benki yake kwamba hakupokea kitu chochote. Fedha zikarudishwa kwake, nami nikatozwa dola 15 za shauri hilo. Fundi, wewe fedha zako umezitazama tu. Mimi zangu nilizila, nikashiba, ndipo nikaambiwa nizitapike.

Kigogo wa Kijiweni amejibu:

Tuwekee picha ya hiyo keki tuamue kwa haki. Huenda benki iliitazama ikaona kwamba kweli hapakuwa na somo lolote lililopokelewa.

Mpishi wa Nakuru amejibu:

Keki ilikuwa imeumuka vizuri kuliko adabu yako.

Mzee wa Lipa Namba amejibu:

Ninyi mnajitafutia shinikizo la damu kwa kutaka mambo ya watu wa ng'ambo. Mimi kozi yangu ya kufuga kuku wa kienyeji ninaiuza kwa WhatsApp. Mteja ninampa namba na jina litakalotokea, anatuma, ujumbe wa muamala ukiingia ninamtia kwenye kundi, na hakuna karatasi inayonyesha popote. Dosari yangu ni moja tu. Watu walionilipa ni 11, na mmoja wao akafungua kundi lake lenye watu 140, humo anauza masomo yaleyale kwa nusu ya bei, na sauti yangu nikikohoa somo la tatu ameiacha vilevile. Juzi amenitumia tangazo mimi mwenyewe akiniita mfugaji mtarajiwa, na akaniahidi punguzo nikilipa kabla ya Ijumaa.

Mwalimu wa Darajani amejibu:

Je, ulilipa?

Mzee wa Lipa Namba amejibu:

Nililipa, kwa sababu nilitaka kuingia nione. Somo la kideri amelieleza vizuri kuliko mimi.

Mama Shamsa wa Maskati amejibu:

Samahani, fundi. Nadhani mnunuzi wako wa leo ni mimi. Nimelipa kwa kadi nikiwa hapa Maskati, na mimi pia zimeninyeshea zile karatasi za rangi, nikadhani ndiyo kozi imeanza. Tatizo ni kwamba somo la tisa, lile la kutia zipu, linazunguka tu bila kufunguka, na kitambaa nimekwisha kukikata. Tafadhali nisaidie.

Kigogo wa Kijiweni amejibu:

Mzee wa Lipa Namba, unajisifu kwa kupokea fedha kwa simu kana kwamba makato ni hadithi. Umesahau tozo ile ya Julai 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja?

Mzee wa Lipa Namba amejibu:

Nitaisahauje, wakati wanafunzi wangu walitaka niwapunguzie ada ya kozi ili wao wapate ya kulipia tozo? Ila hata leo kero ni ileile. Ninamwambia mtu kozi ni shilingi elfu ishirini na aweke na ya kutolea, anatuma elfu ishirini kavu, kisha ananiuliza mbona sijamwingiza kwenye kundi.

Mpishi wa Nakuru amejibu:

Kwa nini mnunuzi alipie gharama zako za kutoa fedha? Zitumie humohumo kwenye simu.

Mzee wa Lipa Namba amejibu:

Muuza pumba hapokei kwa simu, mama. Kuku hawali ujumbe wa muamala.

Mwalimu wa Darajani amejibu:

Ya kutolea ni ya mnunuzi. Hilo liko wazi tangu huduma hizi zilipoingia Tanzania mwaka 2008, na anayebisha hajawahi kuuza kitu.

Kigogo wa Kijiweni amejibu:

Ni ya muuzaji, na ninasema hivyo nikiwa mnunuzi mzoefu.

Mama Shamsa wa Maskati amejibu:

Jamani, ninauliza tena kuhusu zipu.