Mfumuko wa bei ukishuka, mbona chama tawala bado kinapigwa chini?

Mpenda_Hesabu
Wakuu habari za saa hizi. Kuna kitu kinanisumbua tangu uchaguzi wa Marekani 2024. Mfumuko wa bei kule ulifika 9.1% Juni 2022, ila mpaka watu wanapiga kura Novemba 2024 ulishakuwa chini ya 3%, ajira zipo, soko la hisa linapanda, na bado Kamala Harris, makamu wa rais na mgombea wa chama tawala cha Democrats, kapigwa. Sasa kama uchumi ndo unaamua, Democrats si wangepona? Naomba mnieleweshe.

Mchuuzi wa Jumla
Mkuu mfumuko kushuka sio bei kushuka, hapo ndo wengi wanachanganya. Ina maana tu bei zinapanda polepole zaidi, zile za 2020 hazikurudi. Toka Rais Biden wa Democrats aingie mpaka uchaguzi bei kwa ujumla zilipanda kama 20% hivi, na mtu anakumbuka alichokuwa analipa zamani. Halafu mishahara nayo ilipanda, lakini mshahara ukiongezeka mtu anaona ni jasho lake mwenyewe, bei ikipanda anaona ni serikali. Hiyo inaumiza sana chama kilichopo madarakani.
Na nafuu ya uchumi huchelewa kumfikia mwananchi siku zote. Rais Bush baba alishinda vita vya Ghuba 1991, mdororo wa uchumi ukaisha Machi mwaka huohuo, lakini ukosefu wa ajira ukaendelea kupanda hadi 7.8% Juni 1992, na Novemba Clinton akamtoa.

Wa Kiambu Road
Huku kwetu Kenya swali ni nani anabeba lawama. 2022 Ruto alikuwa naibu wa rais tangu 2013, serikali ni yake pia, lakini baada ya handshake, yaani maridhiano, ya Rais Uhuru na mpinzani wake Raila akajitoa akaongea kama upinzani, mambo ya hustler (mtu wa chini anayejitafutia) na bottom-up (uchumi wa kuanzia chini), na hasira za bei ya unga zikamwangukia Raila, mgombea aliyeungwa mkono na Uhuru, ambaye hata hakuwa serikalini. Uhuru akashusha unga wa kilo mbili kutoka 205 hadi 100 wiki tatu hivi kabla ya kura, na maduka mengi huo wa mia haukuonekana. Ruto akapita na 50.49%. Ukishusha bei dakika za mwisho watu wanajiuliza ulikuwa wapi siku zote.

Nakonde_Boda
Mimi nipo Tunduma mpakani, Zambia naiona kwa macho. 2018 dola ilikuwa kwacha kumi hivi, katikati ya 2021 ikapita 22, nchi ilishashindwa kulipa deni la nje Novemba 2020, ukivuka kununua kitu bei ya wiki iliyopita haipo. Uchaguzi wa 2021 Rais Lungu alikuwa na dola yote mkononi, namaanisha vyombo vya serikali, na bado Hichilema wa upinzani akamwacha kwa karibu kura milioni moja. Ghana 2024 hivyohivyo, chama tawala NPP wakamsimamisha makamu wa rais Bawumia, mchumi kabisa, yeye ndo alikuwa anaongoza timu ya uchumi ya serikali, sasa atakwepaje lawama? Mahama wa upinzani akapata zaidi ya 56%.

Mpenda_Hesabu
Asanteni sana. Ila Zimbabwe 2008 hela ilikufa kabisa na ZANU-PF, chama cha Rais Mugabe, wakabaki, hiyo inakaaje?

Mchuuzi wa Jumla
Mkuu, wananchi waliiadhibu ZANU-PF, tusiwasahau. Raundi ya kwanza, Machi, Tsvangirai wa chama cha upinzani MDC alipata 47.9% na Mugabe 43.2%, ZANU-PF ikapoteza hadi wingi wa wabunge. Kabla ya marudio wafuasi wa MDC wakapigwa, wengine wakauawa, Tsvangirai akajitoa Juni na Mugabe akashindana peke yake. Uchumi ulishafanya kazi yake Machi, kilichoamua Juni ni fimbo.